Pambo la Picha na Amana ya Uso



Swali lililoletwa katika darasa letu ni hili. Kijana wa Kiislamu, mzaliwa wa pwani, amekwenda bara kutafuta riziki, akakaa Mwihoko, katika eneo la Ruiru, kaunti ya Kiambu. Kazi yake ni kupiga picha za posa na za arusi, tangu Githurai hata Thika, na mara nyingine huitwa arudi Mombasa na Malindi kwa kazi hiyo hiyo. Ameambiwa na waliomtangulia ya kwamba mpiga picha hahesabiwi kuwa fundi mpaka apate mtindo wake mwenyewe wa kuhariri, yaani namna yake ya kuitengeneza picha baada ya kuipiga, hata mtu akiiona pasipo jina aseme: hii ni kazi ya fulani. Naye auliza: katika kuutafuta mtindo huo, ni wapi pambo linapokwisha na uongo unapoanza? Na je, uso wa bibi arusi ukishaingia katika kamera umekuwa mali ya mwenye kamera, autie rangi aitakayo?

Huenda msomaji akasema ya kuwa hili ni jambo dogo, la vijana na mashine zao, wala halistahili kurasa za darasa. Sisi hatuoni hivyo. Leo picha hutumwa kwa simu kutoka Lamu ikafika Maskati au London kabla chai haijapoa, na kwa picha hiyo watu huposa na kukubali posa. Leo msichana hurudishiwa picha za arusi yake akajiona mweupe kuliko alivyozaliwa, naye hukaa akijiuliza ni kosa gani lililokuwa katika rangi aliyopewa na Mola wake. Na kesho wajukuu watazifungua picha hizo ili wamjue bibi yao, wamkute mtu mwingine. Jambo linalogusa ndoa, nafsi na nasaba si dogo.

Kwanza yatupasa kuondoa shaka iliyo mlangoni. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya picha za kamera. Wako waliozikataza, wakizitia katika hukumu ya hadithi sahihi zilizopokewa na Bukhari na Muslim juu ya adhabu ya wenye kutia sura. Wako waliozihalalisha, na mashuhuri miongoni mwao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa mufti wa Misri katika miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza, ambaye aliandika risala juu ya mas-ala haya. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba mwenye kamera haumbi kitu wala hashindani na Muumba. Yeye huzuia kivuli tu, kama vile kioo kionyeshavyo sura ya aliyesimama mbele yake, ila kivuli hiki hakiondoki mtu akiondoka. Hatuandiki leo kuifufua khitilafu hiyo. Mwenye kufuata kauli ya kukataza ana hoja yake na heshima yake, na asidhihakiwe akikataa kupigwa.

Lakini kwa sisi tunaojikinga chini ya kauli ya kuhalalisha, iko natija ambayo wengi hawaifikirii. Ikiwa ruhusa imejengwa juu ya kwamba picha ni kivuli kilichozuiwa kama kilivyo, basi aliyekibadili kivuli amekwisha toka katika nyumba aliyokuwa amejihifadhi ndani yake. Akiipunguza pua, akaurefusha shingo, akaigeuza ngozi, hapo hawezi tena kusema: mimi nimezuia kivuli tu. Amekwisha kutia mkono wake katika sura. Basi kuhariri si kazi ya mwisho tu isiyo na hukumu. Huenda ndiko kunakoamua kama hoja iliyohalalisha kazi nzima ingali inasimama.

Je, maana yake ni kwamba mpiga picha asiwe na mtindo wowote, bali atoe picha kama mashine ilivyozitema? Hapana. Tutazame mfano ulio katika dini yetu wenyewe. Katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, na mwandishi aandike baina ya watu kwa uadilifu. Basi fikiri hali ya mwandishi huyo. Ana khati yake. Mwingine huandika herufi nene, mwingine nyembamba, mwingine huziinamisha kama minazi ya kusi. Hapana aliyemkataza khati nzuri. Lakini idadi ya dirhamu si khati; tarehe ya kulipa si khati; jina la mdaiwa si khati. Khati ni yake, na deni si lake. Akiongeza dirhamu moja ili mstari upendeze, hatumwiti fundi wa khati, twamwita mwongo.

Na hapa petu pwani tuna ushahidi wa macho. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulijulikana zamani kwa wanavyuoni na wanakili wake, na misahafu iliyoandikwa huko katika karne ya 18 na ya 19 ingaliko mingine mpaka leo. Wazitazamao huona mapambo ya wino wa rangi pembezoni na katika vichwa vya sura, mapambo yenye sura ya kwetu, hata mjuzi akaweza kusema: huu ni wa Siyu. Huo ndio mtindo, na mzuri mno. Lakini mapambo yale yalikaa katika pambizo. Hapana nakili aliyethubutu kuongeza nukta katika aya kwa ajili ya uzuri. Hatuulinganishi uso wa mwanadamu na maneno ya Mwenyezi Mungu, hasha. Twaazima adabu ya wale mafundi tu. Adabu yao ni hii: lijue lililo pambizo na lijue lililo matini, kisha pamba pambizo kadiri uwezavyo, na matini uyaache yaseme yenyewe.

Katika picha ya arusi pambizo ni nini? Ni mahali aliposimama mpiga picha, na saa aliyoichagua. Ni mwanga wa ubavuni au wa mbele. Ni kuukata ukingo wa picha ili jicho liende panapostahili. Ni kuifanya picha nzima iwe na joto la jioni au utulivu wa asubuhi. Ni kuufuta waya wa umeme uliokatiza nyuma ya kichwa, au chupa iliyotupwa chini ya kiti. Na matini ni nini? Ni uso, na umbo, na rangi ya ngozi, na umri, ni nani alikuwapo na nani hakuwapo, ni lililotukia. Ami aliyekosana na ndugu zake baada ya arusi, akaombwa afutwe katika picha, huyo si waya wa umeme. Alikuwapo, akala wali, akashuhudia nikaha. Kumfuta ni kuficha ushahidi.

Atasema msemaji: hata kamera yenyewe haisemi kweli, basi kwa nini mmwonee mwenye kuhariri? Neno hili ni la haki, nasi hatulikimbii. Ibnul Haitham, mwanachuoni wa Basra aliyekufa Misri yapata mwaka 1040, ambaye majaribio yake ya mwanga upitao tunduni katika chumba cha giza yanahesabiwa katika misingi ya elimu ya kamera, alitenga sehemu ya kitabu chake cha Al-Manadhir kuyaeleza makosa ya jicho. Ikiwa jicho lenyewe hukosea, je, kioo na chuma? Mpiga picha yeyote ayajua haya kwa mikono yake. Arusi ikifanywa chini ya hema jekundu, nyuso zote hutoka nyekundu; chini ya hema la kijani, maharusi huonekana wagonjwa. Mabati mapya huurudisha mwanga kwa ukali. Ukuta mweupe wa Lamu huufanyia uso kivuli cheusi. Mwenye kukaa akazirudisha rangi zile mahali pake hakusema uongo. Amesahihisha uongo wa hema. Kuhariri kwa namna hii ni uadilifu, na kuacha kuhariri huenda kukawa ndiyo dhulma.

Tena iko dhulma iliyo kubwa kuliko ya hema. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita, kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi za kupimia rangi zilizokuwa na sura ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikiwa sawa, kazi yote ilihesabiwa kuwa sawa. Watu weusi wakatoka kama makaa, macho na meno tu yakionekana, na watu wakadhani kasoro ni ya nyuso zao, ilhali ilikuwa ya kipimo. Basi leo kijana anaponunua mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari na fundi wa nchi ya baridi, kwa nyuso za nchi ya baridi, akaimwagia juu ya maharusi wa Ruiru au wa Kisauni, na asema amepata mtindo wake, sisi twamwuliza: wako kwa lipi? Umeazima jicho la mtu, na jicho hilo halijapata kumwona mama yako.

Katika Suratur Rum Mwenyezi Mungu amezihesabu khitilafu za lugha zetu na rangi zetu kuwa katika ishara zake kwa wenye kujua. Ishara haifutwi. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu maradhi yapo kwetu, wala hatukuletewa yote na wageni. Ni majumba mangapi ya pwani ambamo bibi arusi husifiwa weupe kabla ya kusifiwa dini? Mpiga picha anayemgeuza ngozi hakuyaanzisha maradhi hayo, lakini ameyatia muhuri, kisha ameyatundika ukutani yakae miaka hamsini.

Na juu ya bibi arusi hasa tunayo hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo ni kama imetajwa kwa ajili ya zama hizi. Mwanamke alimjia Mtume (s.a.w.) akamweleza ya kuwa binti yake yu bibi arusi, na maradhi yamemtoa nywele, je, amwunganishie nyingine? Mtume hakumruhusu, bali alitaja laana kwa mwenye kuunga na mwenye kuungiwa. Hukumu ni kali, na mtu mwenye huruma hujiuliza sababu yake. Wanavyuoni wametaja kubadili maumbile, na wametaja udanganyifu. Nao wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, walipopambanua, walisema juu ya nywele tahiri zisizo za binadamu ya kwamba kwa mwenye mume zajuzu kwa idhini yake, katika kauli iliyo sahihi zaidi kwao. Angalia sharti hilo: idhini ya mume, yaani ajue. Kinachojulikana hakidanganyi. Hapo twapata mizani ya kutusaidia: tusiulize tu, picha imebadilika kiasi gani? Tuulize pia, ni nani asiyejua kwamba imebadilika, na atafanya nini kwa kutojua kwake?

Kwa mizani hii picha ya posa ni nzito kuliko zote. Mughira bin Shuuba alipoposa, Mtume (s.a.w.) alimwambia amtazame yule mwanamke, kwa kuwa hilo laelekea zaidi kuleta mapatano baina yao. Sheria imeruhusu kutazama ili mtu ajue. Basi mwenye kutuma uso usiokuwapo ameigeuza ruhusa ya kujua kuwa njia ya kutojua. Na katika sahihi ya Muslim imo habari ya muuza nafaka aliyeficha iliyolowa chini ya iliyo kavu; Mtume akatia mkono wake, akaukuta unyevu, akamkana mwenye kughushi. Ikiwa haya ni katika pishi ya nafaka, itakuwaje katika binadamu ambaye mtu ataishi naye maisha? Na tusidhani ya kuwa anayedhulumiwa ni mposaji tu. Msichana aliyetumwa kwa uso wa uongo ataingia nyumba ya mume akiwa mdaiwa wa uso huo, na kila atazamwapo atadhani analinganishwa. Vivyo hivyo mvulana aliyeongezwa mabega na kupunguzwa miaka.

Lakini tusiwe wakavu tukakataza hata lisilodhuru. Katika miaka ya 1960 na iliyofuata, Omar Said Bakor wa Lamu, mwenye Bakor Studio, aliyejifundisha kazi mwenyewe, aliunganisha picha mbili tatu katika karatasi moja, sura ya mtu ikatokea mahali ambapo mtu hawezi kuwa. Kazi zake zimeonyeshwa hata Ulaya. Na katika miaka ya 1990, penye feri ya Likoni, watu walisimama mbele ya mapazia yaliyochorwa meli na majumba marefu, wakapigwa kama wasafiri wakubwa. Ni nani aliyedanganyika? Hapana. Aliyeitazama picha aliujua mchezo, na aliyepigwa aliujua, wakacheka pamoja. Pambo lililo wazi hujishuhudia lenyewe. La kuogopwa ni lile la siri, linalosema: mimi si pambo, mimi ndimi kweli. Na fundi wa zamani aliyeipitisha kalamu ya risasi juu ya filamu kuyafuta makunyanzi, naye aliingia katika mizani hii hii. Upya ni wa mashine, si wa hukumu.

Sasa tumjibu ndugu yetu wa Mwihoko alilouliza hasa: mtindo aupateje? Twasema ya kwamba mtindo haununuliwi wala hautengenezwi kwa usiku mmoja. Na achukue picha mia alizopiga yeye, azitenge zile ambazo angezihifadhi hata kama asingelipwa, kisha atazame ni lipi linalorudia. Labda ni mikono. Labda ni wazee walioketi kando. Labda ni kimya kabla ya kiherehere. Hilo linalorudia ndiyo khati yake, nayo ilikuwapo kabla ya programu ya kuhariri. Kisha autii mwanga wa mahali. Kiambu katika Juni hata Agosti ni mawingu na baridi, mwanga wake mlaini na wa kijivu. Pwani jua hupiga juu ya chokaa. Mwenye kupaka rangi moja juu ya nchi mbili hana mtindo, ana rangi tu. Na ashike mashahidi wawili walio katika kila arusi ya kwetu: kanzu na hina. Kanzu ikitoka buluu au manjano, na hina ikitoka nyeusi ilhali haikutiwa piko, ajue uso nao umekwisha potea. Kipele cha wiki hii akikiondoa hatumlaumu, kwa kuwa baada ya wiki uso wenyewe ungekiondoa; alama ya kuzaliwa nayo, na kovu, na makunyanzi ya mama aliyelea, hayo ni matini.

Tunajua jibu letu lina gharama. Bibi arusi mwenyewe huja akasema: nifanye mweupe, niondoe tumbo, na mshindani wa pili mtaani atafanya bila ya kuuliza. Kijana ana kodi ya nyumba, na mama anamngoja pwani. Hatumwambii awakemee wateja. Amwonyeshe bibi arusi picha yake nzuri kabisa katika mwanga ulio sawa, uso wake mwenyewe, kabla hajataka kubadilishwa. Wengi hawajapata kuonyeshwa kwamba wao ni wazuri. Akishikilia, na aagane naye kwa upole. Riziki ina njia nyingi, na ushahidi wa uongo una njia moja. Na wazazi nao wajue ya kuwa sehemu ya dhambi hii iko mikononi mwao, wao walipao.

Limebakia moja. Mwenye kutafuta jina hupenda kuzitandaza picha mbele ya watu. Picha ya ukumbi wa wanawake, palipowekwa mlango na simu zikazuiwa, haiwi halali kwa kuwa ni nzuri. Hata dola imeliona hili: Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Ikiwa sheria ya watu yataka idhini, Muislamu ambaye katika Suratul Israa ameambiwa ya kuwa masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa, hangoji kutozwa faini. Idhini iandikwe kabla ya arusi, na ya bibi arusi mwenyewe, si ya bwana arusi peke yake.

Watu wa Kiambu watatwambia ya kwamba neno mwihoko katika lugha yao ni tumaini, la mtu anayemtegemea mwingine. Basi ndugu yetu anakaa katika jina la kazi yake. Wawili humjia siku moja katika umri wao, wakampa nyuso zao awawekee, wala hawana njia ya kumchungua. Mtindo utakaomfanya ajulikane, tunaoutaka kwake, ni huu: watu waone picha na waseme, hii ni yake, kwa kuwa kila mtu aliyemo anafanana na nafsi yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie wenye kutekeleza amana. Wallahu aalam.